Picha ya Zamani Hurudije kwa Wenyewe?

Likizo ya Agosti mwaka jana mjomba wangu, ambaye ni seremala hapa Kisumu, alinunua kabati kuukuu kwenye mnada. Kabati lenyewe lilitoka katika studio moja ya picha ya tangu enzi za mkoloni, iliyofungwa baada ya mwenyewe kufariki. Mjomba hakutaka kabati. Alitaka mbao, maana mvule wa namna ile siku hizi ni wa kutafutwa kwa tochi. Alipoanza kulivunjavunja alikuta droo moja imekwama. Akaigonga nyundo mara mbili tatu, nayo ikatema bahasha ya kaki iliyotafunwa na mende pembeni. Ndani mlikuwa na picha 11.

Mjomba alitaka kuzitia jikoni. "Hao wote washakufa," alisema, "na hatuwajui." Kusema kweli simlaumu, kwa kuwa hata mimi nilizipekua haraka haraka kama mtu anayehesabu noti za mwenzake. Moja tu ndiyo iliyonisimamisha. Mwanamke kijana ameketi kitini, amevaa gauni la maua na kujifunga kitambaa kichwani. Amempakata mtoto mchanga aliyefunikwa shali. Nyuma yake amesimama mwanamume mwenye kofia ya kazi, na nyuma yao wote kuna pazia lililochorwa nguzo za jumba la kifahari. Hakuna anayecheka. Nilipoigeuza niliona maandishi ya penseli: 14.8.61, chini yake Nyar Uyoma, na chini kabisa, bado sh. 3.

Nilimpelekea nyanya. Yeye hakushughulika na nyuso, alikwenda moja kwa moja kwenye yale maandishi ya nyuma. Alinieleza kwamba zamani ukienda studio ulitoa pesa kidogo kwanza, ukapigwa picha, ukaenda zako, kisha ukarudi baada ya siku kadhaa kumalizia deni ndipo ukabidhiwe picha yako. Usipomaliza, picha ilibaki kwa mwenye studio. Na shilingi 3 wakati huo hazikuwa pesa za kuokota njiani. Basi watu wale walivaa nguo zao nzuri, wakasimama mbele ya kamera, wakaondoka na hawakurudi. Picha yao ilikaa droo miaka zaidi ya 60 kwa sababu ya shilingi 3.

Jambo hilo lilinikaa kooni. Nikaamua nitairudisha.

Kazi ya kurudisha picha kwa wenyewe ina watu wake duniani. Wapo wanaonunua picha kuukuu minadani, wakalifuata jina lililoandikwa nyuma yake mpaka wampate mjukuu au kitukuu, kisha wakamkabidhi. Njia wanayoitumia ni ya nasaba, yaani kujua fulani ni mwana wa fulani, aliyeoa kwa fulani, akamzaa fulani. Lakini iko tofauti moja ambayo mimi sikuijua mpaka iliponitoa jasho. Kwa kawaida mtu anapotafuta nasaba huanza na yeye mwenyewe akapanda: baba, babu, baba wa babu. Picha yatima hukulazimisha kushuka. Unaanza na mtu aliyekufa zamani ndipo unashuka ngazi kwa ngazi umtafute aliye hai. Kupanda ni afadhali, kwa kuwa kila mtu ana baba mmoja na mama mmoja tu. Kushuka ni balaa, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na watoto 10, na hao 10 wakatawanyika Nakuru, Mombasa na Kampala, na mabinti wakaolewa wakaitwa kwa majina ya kwingine.

Kitu cha kwanza ni kuichunguza picha yenyewe. Tazama kingo zake: zile picha zilizokatwa pembeni kama meno ya msumeno zilipendwa sana miaka ya 1940 na 1950. Tazama muhuri wa studio. Gari likionekana, soma nambari yake, maana nambari zetu za magari zenye herufi mwishoni zilianza mwaka 1989, na gari la mtu binafsi lisilokuwa na herufi hiyo huenda lilisajiliwa kabla ya hapo. Tazama viatu, mkoba, saa ya mkononi, hata kalenda ukutani. Na jamani, usiandike chochote nyuma kwa kalamu ya wino, wala usiibandike kwa gundi. Ipige kwa simu mbele na nyuma, kisha utembee na hiyo ya kwenye simu au nakala ya karatasi. Mimi nilitembea na ile yenyewe nikakaribia kuilowesha mvuani, kwa hiyo nakuambia nikijua ninachosema.

Kwa picha yangu, msaada ulikuwa kwenye kofia. Niliazima kioo cha kukuzia kutoka maabara ya shule, nikasoma herufi zilizo kwenye beji: E.A.R. & H. Hilo lilikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ile ya Tanganyika. Kwa hiyo yule bwana alikuwa mtu wa reli, jambo ambalo si ajabu katika mji wetu, kwani Kisumu ilikua na reli tangu ilipofika hapa mwaka 1901.

Hapo nikakwama. Watu wa reli walikuwa wengi kama siafu. Nilipomweleza mwalimu mlezi wa chama chetu alinisimulia kisa kimoja cha Marekani ambacho nitakisimulia hapa kwa sababu ndicho kilichonifundisha namna ya kuuliza.

Mwezi wa Julai 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, palipiganwa vita vikali kwa siku 3 katika mji mdogo wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania. Baada ya vita maiti ya askari mmoja ilipatikana bila barua wala kitu chochote cha kumtambulisha. Alichokuwa nacho mkononi ni picha ya kioo, maana picha nyingine za zamani hizo zilipigwa juu ya kioo, na katika kioo hicho mlikuwa na watoto 3. Picha ilimfikia daktari mmoja wa Philadelphia, John Francis Bourns, naye akaamua kumtafuta mama wa watoto hao.

Sasa fikiria shida yake, ndugu msomaji. Magazeti ya wakati huo hayakuwa na njia ya kuchapa picha ya kamera. Basi picha ikaelezwa kwa maneno matupu. Tarehe 19 Oktoba 1863 gazeti la Philadelphia Inquirer lilitoa habari ambayo kichwa chake kiliuliza askari yule alikuwa baba ya nani. Wasomaji waliambiwa kwamba watoto ni wavulana 2 na msichana 1, mdogo kabisa ameketi katikati kwenye kiti kirefu, na nguo ya mvulana mkubwa imeshonwa kwa kitambaa kilekile cha gauni la dada yake. Magazeti mengine yakainakili habari hiyo. Nakala ya gazeti moja la kanisa ilifika Portville, jimbo la New York, kwa mama aliyeitwa Philinda Humiston. Yeye alikuwa amempelekea mumewe vitani picha ya namna hiyo, na tangu vita vya Gettysburg hakuwa amepata barua. Akapelekewa nakala ya picha, na mwezi wa Novemba akajua kwa yakini kwamba askari yule ni mumewe, sajini Amos Humiston, na watoto ni wake mwenyewe, Frank, Alice na Fred.

Mimi kilichonishika katika kisa hiki ni ile nguo. Sura unaweza kuieleza mpaka ulale, itafanana na sura 100. Lakini kitambaa kimoja kilichoshonwa nguo mbili anakijua mama aliyekikata.

Kisa kingine ni cha huku kwetu. Mwaka 1936 msomi Mwingereza, Edward Evans-Pritchard, alitembelea nchi ya Waluo akapiga picha nyingi, na sasa zimehifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers, mjini Oxford. Humo zimo pia picha za C. W. Hobley, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Picha hizi hazikupotea. Zimetunzwa vizuri kuliko hizi zangu za mende. Shida ni kwamba picha ziko Uingereza na wajukuu wako Siaya. Mwaka 2007 Gilbert Oteyo pamoja na Christopher Morton wa makumbusho hayo walileta nakala wakazionyesha katika maboma ya watu huku magharibi mwa Kenya, katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kukumbuka ya kale. Napenda sana kwamba zilipelekwa bomani. Bibi wa miaka 80 hawezi kupanda basi usiku kwenda jiji la mbali kutazama picha, lakini hadi boma la jirani atajikongoja.

Basi na mimi nikaona dawa ni kwenda mahali ambapo kuna watu wanaojua. Ila ni wapi? Yale maneno Nyar Uyoma yalikuwa nusu ya jibu. Kwetu Waluo mwanamke aliyeolewa huitwa kwa alikotoka, na nyar Uyoma ni binti wa Uyoma, kule kando ya ziwa. Jina hilo linakuambia alikozaliwa, halikuambii alikoolewa. Na hata kama mwenye studio angeandika jina lake la kuzaliwa lisingenifikisha mbali, kwa sababu kila msichana aliyezaliwa jua likiwaka ni Achieng' na kila mvulana wa usiku ni Otieno. Makabila mengine yana bahati. Mwenzangu wa darasani ambaye ni Mkikuyu ameniambia kwamba kwao kijana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo ukilijua jina la mtoto umeshamjua na babu yake. Waswahili na Wasomali nao hupanga majina kwa mstari, la mtu, la baba, la babu, na mtu mzima aliyelelewa vyema anaweza kuyataja mengi bila kupumzika.

Mbali na majina yako maandishi, na hapa nataka wenzangu mfungue macho kwa sababu mengi tunayo nyumbani na hatuyathamini. Daftari la ubatizo la kanisa Katoliki, kwa mfano, haliishii kwenye ubatizo. Mtu akifunga ndoa baadaye huandikwa pembeni mwa jina lake, hata kama ameolewa parokia ya mbali. Kaburi nalo ni anwani, kwa kuwa huku kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake. Halafu kuna vile vijitabu vya mazishi. Nani hajavitumia kujipepea jua likiwa kali? Kumbe ndani mna wasifu wa marehemu: mwana wa nani, ndugu wa nani, mume wa nani, mkwe wa nani, watoto, wajukuu na mahali wanapoishi. Matangazo ya vifo ya redioni na magazetini ni hivyo hivyo. Nyanya ana vijitabu kama 40 ndani ya sanduku la bati na nilivisoma vyote kwa wiki mbili. Nairobi kuna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1965, ila mimi sikuwa na nauli ya huko.

Lakini maandishi yana mipaka, tena kwa Waafrika wa zamani mipaka hiyo ni mikubwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au pengine hawakukumbukwa hata kidogo. Sasa picha ya mpagazi wa vita hivyo utaanza kuirudisha kwa jina gani? Ndiyo maana mwishowe utarudi kwa wazee walio hai, na ukichelewa utakuta turubai la matanga.

Nilianza na wastaafu wa reli. Mzee wa kwanza aliishika picha kwa muda mrefu akaizungusha huku na huku. "Huyu si mtu wa gari moshi," akasema. "Kofia hii nyeupe ni ya mtu wa meli." Meli za Ziwa Victoria ziliendeshwa na shirika lilelile la reli, na mzee akaanza kuzitaja, Usoga, Rusinga, kama mtu anayetaja ng'ombe wake. Sura ya bwana yule hakuikumbuka. Alinielekeza kwa familia moja ambayo baba yao alikuwa baharia.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliingia kwao nikaitoa picha kwanza, halafu ndipo nikauliza. Wakasema mara moja, "Ni baba yetu!" Nikafurahi hadi usingizi ukapotea usiku huo. Kesho yake nilirudi wakanionyesha cheti cha kazi cha marehemu: aliajiriwa mwaka 1966. Picha ni ya 1961. Isitoshe mama yao alikuwa binti wa Seme. Hawakuwa waongo, la hasha. Walikuwa hawana picha yoyote ya baba yao akiwa kijana, na walivyoitaka hii iwe yeye waliiona kuwa yeye. Kaka yao mkubwa akaniambia, "Hata kama si yeye, si utuachie tu? Wanafanana." Niliondoka na picha mfukoni nikijiona kama mwizi.

Katika boma jingine nilipokelewa vizuri mpaka nilipomwuliza mzee babu yake alikuwa na wake wangapi na watoto wangapi. Uso ukabadilika. "Wewe umetumwa na nani? Hii ni mambo ya shamba?" Nikajitetea kwamba ni mwanafunzi tu, kidato cha tatu, natafuta wenye picha. Akaniambia hata mawakili walikuwa wanafunzi. Nyanya alipopata habari alinikemea: mtu humwulizi watoto wa babu yake kabla hujanywa chai yake. Na si kwamba mzee alikuwa mkali bure. Anayeijua nasaba ndiye anayejua nani ana haki ya kurithi, kwa hiyo mgeni anayeuliza nasaba ni kama mgeni anayepima shamba kwa macho.

Tangu hapo nyanya akawa kiongozi wa safari na mimi mbeba mkoba. Mwezi wa Desemba tulipanda matatu hadi Ndori, kisha bodaboda hadi Madiany, ndani ya Uyoma. Picha hatukumwonyesha mtu. Tulimwachia mzee mmoja wa kanisa maneno tu ya kutangaza Jumapili: kunatafutwa jamaa za binti wa Uyoma aliyeolewa na mtu wa meli na ambaye mwaka 1961 alikuwa na mtoto mchanga. Hatukutaja gauni, wala kitambaa, wala pazia. Tukaacha nambari ya simu ya nyanya, tukarudi.

Krismasi ikapita. Januari katikati simu ikalia. Kuna bibi mmoja, amepita miaka 80, anasema huenda ni dada yake.

Tulimkuta ameketi nje juu ya mkeka akichambua maharagwe. Tukanywa chai. Tukazungumza habari za mvua, za bei ya samaki, za wajukuu. Mkono wangu ulikuwa unawasha kutoa picha lakini nyanya aliniminya goti. Hatimaye bibi mwenyewe akaanza. Alisema dada yake alikuwa mkubwa kwake kwa miaka michache, akaolewa na baharia wa Alego. Kisha akatulia, akauliza, "Hiyo picha yenu, mkono wake wa kushoto unaonekana?"

Nyanya akamwuliza kwa nini.

Akasema walipokuwa wadogo dada yake alianguka kwenye sufuria ya uji uliokuwa ukichemka, vidole vya mkono wa kushoto vikashikana na havikuachana tena. "Hakuuonyesha kwa mgeni. Kanisani aliuficha, sokoni aliuficha. Kama unaonekana, huyo si dada yangu."

Miezi mitano nilikuwa nimeitazama picha ile. Nilikuwa nimehesabu maua ya gauni. Nilidhani ule mkono umeingia chini ya shali kwa sababu ya kumshikilia mtoto.

Nyanya akaitoa. Macho ya bibi hayaoni vizuri, basi akajivuta hadi penye mwanga wa jua, akaisogeza karibu na uso wake. Hakutafuta sura. Alitafuta shali, akaweka kidole pale mkono unapoishia. Alikaa hivyo muda mrefu na sisi hatukusema kitu.

Yaliyobaki aliyaeleza yeye. Mume alihamishiwa Mwanza mwaka uleule wa 1961, na pengine ndiyo sababu hawakuirudia picha, lakini hana hakika. Dada yake alifariki mwaka 1964 katika uzazi wa pili, na mtoto huyo wa pili naye hakuishi. Yule mchanga aliyepakatwa ni msichana. Alilelewa Alego na nyanya yake mzaa baba, akaolewa, na sasa anaishi Nakuru. Tulipewa nambari yake palepale.

Alikuja kwetu Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, mama wa miaka 60 na ushei, na kijana wake mmoja. Ameniruhusu kusimulia haya bila kumtaja jina. Alisema maisha yake yote aliambiwa kwamba mama yake hakupenda picha na kwamba hakuna hata moja. Nilikuwa nimeitia katika bahasha mpya, nikampa kwa mikono miwili kama nyanya alivyonifundisha. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliitazama sana, kisha akasema, "Lakini huyu ni msichana. Huyu ningeweza kumzaa mimi." Akampa kijana wake aione. Halafu akaigeuza, akasoma nyuma, akauliza bado shilingi 3 ni nini. Nyanya akamweleza. Akanyamaza. Baadaye, tulipokuwa tukila, alisema kama anayezungumza peke yake, "Kwa hivyo walienda kupiga. Walinipeleka mjini, wakanipiga picha."

Picha iko Nakuru sasa. Bibi wa Uyoma alipelekewa nakala kubwa iliyotiwa fremu. Ile familia ya baharia wa 1966 sijawasahau. Mzee wa reli ameahidi kuwaulizia wenzake wa zamani kama kuna yeyote mwenye picha ya kikundi.

Zimebaki 10. Mwalimu mlezi amezifungia kwenye kabati la maktaba. Kwa kuwa jarida letu hutolewa kwa mashine ambayo picha hutoka nyeusi tupu, nitaeleza tatu kwa maneno, kama walivyofanya wale wa Philadelphia.

Ya kwanza ni ya askari mmoja aliyevaa kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, kama zile za askari wa KAR waliopelekwa Burma mwaka 1944. Amesimama wima, kando yake kuna meza ndogo yenye kitu juu yake. Nyuma pana jina moja na nambari.

Ya pili ina wasichana wanne wa shule wamevaa sare, watatu wana viatu na mmoja hana. Nyuma imeandikwa Maseno na mwaka 1957, na bado sh. 1.

Ya tatu ni ya mzee na kijana wameketi bega kwa bega, wote wawili wamevaa koti. Nyuma haikuandikwa chochote.

Sijaeleza kila kilichomo, na sababu unaijua. Mwulize nyanya yako, mwulize babu, mwulize mzee wa jirani anayependa kusimulia, ila unywe chai yake kwanza. Ukiona kuna dalili, nitafute wakati wa mapumziko ya saa nne nje ya maktaba. Uniambie kwanza unachojua. Picha nitakuonyesha baadaye.